Giaboksi Isiyosahau

Fundi Sikio alikuwa na jina jingine, la wazazi, lakini lilikuwa limelala kwenye kitambulisho chake bila kazi. Hilo la Sikio alipewa na wateja. Gari likiingia gereji hakuwa na haraka ya kuuliza lina nini. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaibandika kwenye injini, mpini akaubandika sikioni, akafumba macho kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Beringi iliyochoka aliisikia kabla yenyewe haijajua kwamba imechoka. Mkewe alikuwa akilalamika kwamba sikio hilo hilo likifika nyumbani linakufa ganzi, linaitwa na kuitwa wala haliitiki. Hayo tuwaachie wenyewe.

Siku mama yake alipoingia gereji, Sikio alijua kuna jambo. Mama hakuwa mtu wa kukanyaga mahali pale, alikuwa akisema harufu ya oili inamkaa kwenye mtandio wiki nzima. Alisimama mlangoni, akakataa kiti.

"Mwanangu, gari la kaka yako lina nini?"

"Kwani limeharibika?"

"Ndilo ninalokuuliza wewe. Mimi ni fundi?"

Kaka yake Sikio, mtoto wa kwanza wa mama huyo, alikuwa amefariki mwaka uliopita. Alikuwa na pikapu kubwa ya kazi nzito, ile yenye viti vya nyuma na matairi mawili mawili kwenye ekseli ya nyuma, na kazi yake ilikuwa kupeleka matangi ya maji kwenye nyumba zinazojengwa. Moyo ulimbana akiwa barabarani, pale juu ya mteremko mkubwa, na kufa kwenyewe alikufa kwa adabu ya dereva: aliingiza gari kwenye egesho la malori, akaweka gia kwenye P, akavuta breki ya mkono, akawasha taa za tahadhari, ndipo akaegemea kiti. Mziba pancha mwenye kibanda pale egeshoni alipokwenda kugonga kioo, injini ilikuwa bado inanguruma.

Baada ya matanga mjane wake alichukua funguo na kuendelea na kazi ile ile. Watu walisema mwanamke hataliweza gari lile. Akaliweza, mpaka waliosema wakaona aibu na kuhamia kusema mambo mengine. Sikio alimheshimu sana shemeji yake kwa hilo.

"Siku hizi harudi," mama alisema. "Akishapeleka mzigo anakwenda pale kaka yako alipofia, anakaa. Mwanzoni ilikuwa kidogo tu, mtu akasema ni majonzi, muacheni. Sasa anakaa mchana kutwa. Watoto wanatoka shule wanabaki getini mpaka mlinzi anawaonea huruma. Jana yule mziba pancha amenipigia simu, mama njooni mumchukue mtu wenu. Tumemkuta amefunga vioo vyote, macho wazi, anatabasamu, mikono ya baridi kama amechota maji kisimani. Nimemwita mara ngapi ndipo anitambue! Na alikuwa amekaa kiti cha abiria."

"Alihama tu, mama. Usukani unachosha."

"Mziba pancha anaapa kwamba gari lilipoingia pale, alikuwa amekaa kiti hicho hicho."

Sikio akacheka. "Mama, yule jamaa anashinda na gundi mchana kutwa. Iliyobaki kwenye viraka anaimalizia puani."

Mama hakucheka. "Anachonusa sitaki kukijua. Baba yao amekwenda, kazi ya Mungu haina makosa. Lakini wajukuu zangu nataka wabaki na mama. Wewe gari unalijua, lifanyie dawa." Akajifunga mtandio vizuri, akaondoka bila kuaga.

Sasa, Sikio hakuwa mtu wa mazingaombwe. Kwake kila kitu kina nati yake. Akampigia shemeji simu, akamwambia ukweli nusu: oili ya giaboksi haijabadilishwa tangu kaka alinunue gari lile, na gari la mizigo mizito haliendi hivyo, lilete. Usipoziba ufa, alimwambia, utajenga ukuta. Shemeji akakubali bila ubishi, na kesho yake akalileta.

Sikio hakuwa akigusa giaboksi yoyote kabla ya kulitoa gari barabarani. Alipokamata usukani aliona shemeji amezunguka mwenyewe hadi mlango wa abiria, akapanda, akafunga mkanda na kuweka mikono mapajani kama mtu anayepelekwa matembezi. Alikuwa amekonda. Wakatoka.

Hawakufika mbali kabla nywele za Sikio hazijasimama. Kaka yake alikuwa na uendeshaji wake, hakuna aliyekuwa nao mwingine: alikuwa anakanyaga mafuta kwenye gia ya pili mpaka injini inalalamika, kisha anaachia ghafla, ya tatu inaingia kwa kujikohoza. Wadogo zake walikuwa wakimtania kwamba hivyo ndivyo anavyokula pia, hatafuni, anameza. Na sasa pikapu ilikuwa inakwenda vile vile chini ya mguu wa Sikio, ingawa yeye alikuwa anakanyaga taratibu. Pili ikavutwa, ikavutwa, kikohozi, tatu.

"Umeisikia?" shemeji aliuliza. Uso ulikuwa umemchangamka.

"Ni kawaida," alijibu. Na ni kweli ilikuwa kawaida. Giaboksi za otomatiki za siku hizi zina kompyuta inayojifunza mguu wa dereva. Mwenye mguu mzito inamcheleweshea gia, mwenye mguu mwepesi inamuwahishia, na ikishazoea inabaki na mazoea yake kama mke wa mtu. Ndiyo maana fundi akibadilisha oili anachomeka mashine yake chini ya usukani na kufuta kumbukumbu, ili giaboksi ianze kujifunza upya na oili mpya. Aliyeliendesha gari miaka mingi alikuwa kaka, shemeji ana miezi tu, basi linamkumbuka kaka. Maelezo hayo yalimtosha Sikio mpaka walipokaribia mteremko.

Pale mguu wake ulikuwa umetulia kabisa. Barabara ilikuwa nyeupe, hakuna gari mbele. Pikapu ikashusha gia yenyewe, nne ikawa tatu, tatu ikawa pili, injini ikaunguruma ikiizuia, na usukani ukaanza kujivuta kidogo kidogo upande wa egesho. Sikio alikanyaga mafuta kwa nguvu na kushika usukani kwa mikono miwili ndipo wakapita. Mziba pancha alikuwa amekaa kwenye tairi lake, akawatazama wanavyopita, akatikisa kichwa.

Mashine inajifunza mguu. Barabara haijui, wala haijui mtu amefia wapi. Hilo Sikio alilijua vizuri kuliko mtu yeyote ndani ya gari lile.

Walipofika gereji alimwambia shemeji atakachofanya: atamwaga oili, atabadilisha filta, atajaza mpya, halafu atafuta kumbukumbu.

"Oili badilisha," shemeji alisema. "Kumbukumbu iache."

"Shemeji, oili mpya na mazoea ya zamani havipatani. Klachi za ndani zitaungua."

"Ziungue." Akamshika mkono, mkono wa baridi kweli. "Shem, mimi sijawahi kukuomba kitu. Msiba ulipoisha mlibeba nguo zake, mkagawana viatu, sikusema neno. Hicho kimoja niachie. Niahidi."

Unamwambia nini mtu wa namna hiyo? Sikio aliahidi.

Gari likalala gereji, juu ya shimo la mafundi, magurudumu yamezuiwa kwa magogo mbele na nyuma. Asubuhi Sikio alishuka shimoni na taa yake. Kwa kawaida angewasha injini kwanza ipate joto, maana oili baridi hutoka kwa uvivu na kuacha uchafu ndani. Akanyoosha kiganja kugusa sampo, lile bakuli la chuma lililo chini ya giaboksi, kukadiria tu. Akaurudisha mkono upesi. Sampo lilikuwa la moto, moto wa gari lililotoka safari muda huo huo. Akagusa injini, baridi. Akagusa silensa, baridi, ina umande. Akagusa tena sampo.

Akatoka shimoni akaenda kunywa chai. Kuna mambo mtu hayashughulikii na tumbo tupu.

Alipomaliza chai alipanda kwanza kusafisha ndani, kama mtu anayetafuta kisingizio. Kwenye kiti cha abiria palikuwa na sweta la shemeji limekunjwa vibaya vibaya, mikono imezungushiwa katikati, na juu yake chupa ya maji ya shule yenye picha ya sungura. Akaviacha hapo hapo, akarudi kwenye kazi.

Na kazi aliifanya vizuri, tumpe haki yake. Boliti za sampo alizilegeza kuanzia kona moja ili bakuli liiname na kumimina upande mmoja, si kumwogesha fundi. Oili ikatoka nyeusi ti, nayo ilipaswa kuwa nyekundu kama sharubati, ikafuka mvuke kwenye karai. Sumaku ya ndani ilikuwa imevaa unga wa chuma, kijivu, laini, wa kawaida kwa gari la umri ule. Akaifuta. Akakwangua gasketi ya zamani inayozuia oili isivuje, akaweka filta mpya, akarudisha sampo na kukaza boliti kwa kupishanisha kona. Kisha akajaza oili mpya kwa pampu ya mkono, kiasi kile kile kilichotoka.

Ikabaki kupima, na hapo ndipo panapohitajika watu wawili. Giaboksi ile haikuwa na kijiti cha kupimia. Kipimo chake kilikuwa nati ya ubavuni. Injini inawashwa, mtu mmoja anakaa kwenye usukani, anakanyaga breki na kupeleka mkono wa gia kutoka P mpaka mwisho, taratibu, oili ienee kila mahali, kisha anarudisha. Wa chini anafungua nati na kutazama: ikidondosha uzi mwembamba, imetosha. Kaka ndiye aliyekuwa akimsaidia, miaka yote. Alikuwa na usemi wake, kila gia uipe pumzi yake, na alikuwa akichelewa kwenye kila gia mpaka Sikio anamtukana kutoka shimoni.

Shemeji alifika mchana kuja kuulizia gari. Sikio akafurahi kupata mtu wa kumsaidia. Akawasha injini, akashuka shimoni, akapaza sauti: "Shemeji! Panda ukanyage breki, nitakuelekeza!"

Ukuta wa nyuma ya gari ukawa mwekundu. Taa za breki zimewaka, basi amepanda.

"Haya, rivasi!"

Ubavuni mwa giaboksi kuna kijimkono cha chuma kinachovutwa na waya unaotoka juu. Sikio alikiona kinasogea, kinaingia rivasi, kinatulia. Akafungua nati.

"Nyutro!"

Kikasogea. Kikatulia.

"Draivu!"

Kikasogea, kikatulia. Kilitulia muda mrefu. Sikio alifungua mdomo kuita gia inayofuata, na kijimkono kikaendelea bila yeye kusema, pili, kikapumzika, kwanza, kikapumzika, kisha kikarudi njia yote kituo kwa kituo mpaka P. Oili nyekundu ikachungulia kwenye tundu, ikadondosha uzi mwembamba, safi. Akafunga nati, akafuta mikono, akapanda ngazi akicheka peke yake.

"Shemeji, wewe umekuwa fundi sasa! Nani alikufundisha..."

Hapakuwa na mtu kwenye usukani. Milango ilikuwa imefungwa. Kiti cha dereva kilikuwa kimerudishwa nyuma mpaka mwisho wa reli, mahali pa mtu wa miguu mirefu. Shemeji alikuwa kule getini, amelipa gari mgongo, simu sikioni, kidole cha mkono mwingine amezibia sikio la pili kwa sababu ya kelele ya injini. Na ukuta ulikuwa bado mwekundu. Ndugu msomaji, gia ya gari lile haitoki P bila breki kukanyagwa, na kule kwenye breki palikuwa na zulia tupu. Sikio alitazama wekundu ule ukutani mpaka ukazimika, taratibu, kama mtu anayeondoa mguu bila haraka.

Hakukimbia. Si ushujaa, miguu ilikataa amri. Na hofu ilipopungua kidogo, kilichokuja nyuma yake kilikuwa kibaya zaidi. Alifurahi. Alisikia furaha ambayo hakuwa ameisikia tangu siku ya simu ile ya msiba. Kaka yupo. Yupo hapo, nyuma ya kioo, na ukipanda upande wa pili ukakaa naye, ukafunga vioo, hakuna atakayewasumbua. Mkono wa Sikio ukaenda wenyewe kwenye kitasa cha mlango wa abiria, ukakifungua, na mguu mmoja ulikuwa tayari uko juu ya ngazi alipoliona tena lile sweta kwenye kiti. Hapo akagundua kwamba vidole vyake vimekufa kwa baridi. Akajivuta nyuma, akaegemea ukuta.

Shemeji alikuja akamkuta hivyo. Alimtazama usoni, hakuhitaji kuambiwa.

"Umemwona?"

"Sijamwona. Amenisaidia kazi."

Shemeji akatabasamu. "Ndivyo alivyo. Hawezi kukaa bure."

"Shemeji, hili sweta na chupa nani kaviweka hapa?"

Tabasamu likamtoka polepole. Alilichukua sweta, akalitazama mkunjo wake. "Mwanangu mdogo ndiye kaniwekea," alisema. "Jana asubuhi. Ameniambia kwa baba kuna baridi, na nikikaa sana nitasikia kiu. Amenipa chupa yake. Hakulia, shem. Amenifungia mzigo kama mtu anayesafirisha mtu. Nami nikamwambia asante."

"Na hiyo simu?"

"Mwalimu. Mdogo amegoma kuingia darasani, amekaa getini tangu asubuhi na dada yake kashindwa kumtoa. Anasema akiondoka nitapita asinione."

Injini ilinguruma kati yao. Sikio alichomoa mashine yake kwenye mkoba, akaichomeka chini ya usukani, akabonyeza mpaka kioo kikauliza kama kumbukumbu ifutwe. Akampa shemeji.

"Nimekuahidi sifuti, na sifuti. Hata ungenifungua ahadi sasa hivi, nisingeweza. Ni kaka yangu. Lakini wewe ni mama yao. Hiyo hapo."

"Nikibonyeza, anakwenda wapi?"

"Sijui, shemeji. Mimi najua magari."

Shemeji aliishika mashine kwa mikono miwili. Mara mbili alitaka kumrudishia. Alitazama usukani, akatazama sweta, midomo ikamcheza kama anayezungumza na mtu wa karibu sana, maneno ambayo hayakumhusu Sikio na hakuyasikiliza. Halafu akabonyeza. Mashine ikalia mlio mdogo, basi.

"Sasa endesha wewe," Sikio alimwambia. "Itaanza kujifunza mguu wa atakayetoka nayo kwanza."

Shemeji akapanda upande wa dereva. Alivuta kiti mbele mpaka miguu yake ikafika, akarekebisha kioo. Sikio akaondoa magogo, akapanda karibu naye, sweta mapajani, wakatoka kwenda shule. Njia ya shule ilipita pale pale penye egesho.

Pikapu ilikwenda kama imetoka dukani. Pili iliingia mapema, tatu ikafuata bila kikohozi, laini, ya mtu mwenye mguu mwepesi. Sikio, ambaye maisha yake yote alitafuta giaboksi zisizo na kelele, aliona kimya kile kinamchoma kifua. Mteremko ukaja. Egesho likaonekana, kibanda, rundo la matairi. Gari halikupunguza mwendo wala usukani haukuvuta. Wakapita.

Mbele kidogo shemeji akakanyaga breki kwa mguu wake mwenyewe. Akasogea pembeni, akaweka P, akawasha taa za tahadhari. Alikuwa analia, machozi yanashuka bila yeye kuyafuta, lakini sauti yake ilikuwa kavu kabisa.

"Shuka," alisema.

Sikio akashika kitasa.

"Si wewe." Alikuwa anatazama kioo cha ndani, kile kinachoonyesha viti vya nyuma. "Baba watoto, tumefika. Mimi siwezi kukaa tena. Mtoto yuko getini hajala. Shuka, mume wangu."

Sikio hakugeuka. Shingo ilikuwa ya jiwe. Alisikia taa za tahadhari zikigonga, alisikia upepo wa lori lililopita. Kisha gari likainuka. Lilipanda kidogo upande wa nyuma, springi zikatoa mlio wao, kama zinavyofanya mtu mzito anapoteremka, na kwenye dashibodi ikawaka taa ndogo ya mlango. Hewa ya nje ikaingia, ikampiga kisogoni.

Walikaa hivyo, wote wawili wakitazama mbele.

"Shemeji," mwanamke alisema kwa sauti ndogo, "mlango wa nyuma haujafungwa. Mimi sitaweza."

Siku ya mazishi Sikio alikuwa na shughuli nyingi. Alipanga viti, alipokea wageni, alitafuta magari ya kurudisha watu, na kila aliyemuona alisema huyu amejikaza kiume. Hakuwa amejikaza. Alikuwa hajamzika. Sasa alinyoosha mkono nyuma, kati ya viti viwili, mpaka vidole vikapata kitasa. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha mkono. Aliuvuta, haukufungika, mkono haukuwa na nguvu. Akainama zaidi, akauvuta tena kwa nguvu zake zote, huku analia kwa sauti kama mtoto, ukafungika.

Taa ya dashibodi ikazimika. Shemeji akaweka draivu, wakaenda kumchukua mtoto.